Runinga na skrini za kesho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka watengenezaji wa vioo, yaani skrini za runinga, simu na kompyuta, hutangaza kwamba mapinduzi yamefika. Majibu yaliyo hapa chini yanaongozwa na jambo moja ambalo historia ya vioo imelirudia mara nyingi mno: kioo kinachoshinda sokoni si lazima kiwe kile kilichong'ara kuliko vyote maabara. Hushinda kile ambacho kiwanda kinaweza kukitoa kwa mamilioni bila dosari, na ambacho hakichakai kabla ya mwenye nacho kuridhika.

LCD, LED, QLED, OLED, Mini-LED, microLED. Kwa nini majina ni mengi hivi?

Kwa sababu mengi ni ya kibiashara. Ukiyaondoa mapambo, zinabaki jamii mbili tu: vioo vinavyozuia mwanga na vioo vinavyotoa mwanga vyenyewe.

LCD ni ya jamii ya kwanza. Nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote, na mbele ya taa kuna tabaka la fuwele kioevu ambalo hufanya kazi kama pazia: umeme ukibadilika, molekuli hugeuka na kuruhusu mwanga mwingi, kidogo, au karibu na sifuri. Hiyo "karibu na" ndiyo udhaifu wake mkubwa, kwa kuwa mwanga kidogo huvuja kila mara na weusi hugeuka kijivu. Runinga inayouzwa kwa jina la LED ni LCD yenye taa za LED nyuma. QLED nayo ni LCD iliyoongezewa tabaka la nukta za kwanta (chembe ndogo mno zinazogeuza rangi ya mwanga, tutazirudia) ili rangi ziwe safi zaidi. Mini-LED ni LCD ambayo taa zake za nyuma ni ndogo na nyingi, zimegawanywa kwenye kanda zinazoweza kufifishwa kila moja peke yake.

OLED na microLED ni jamii ya pili. Kila pikseli, yaani kila nukta inayounda picha, hujiwasha na kujizima, hivyo nyeusi huwa nyeusi kabisa. Kwenye OLED mwanga hutoka kwenye tabaka la molekuli; kwenye microLED hutoka kwenye vijitaa vidogo mno vya LED.

Mbona LCD haifi? Tumeambiwa miaka mingi kwamba siku zake zimekwisha.

Fuwele kioevu ziligunduliwa mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria aliyekuwa akichunguza kemikali inayopatikana kwenye karoti. Hakuwa na runinga akilini. Miaka 80 ikapita kabla ya kundi la George Heilmeier katika kampuni ya RCA, Marekani, kuonyesha vioo vya kwanza vya aina hii mwaka 1968. Miaka miwili baadaye Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, wakiwa Uswisi, walibuni mbinu ya kuzisokota molekuli ambayo ndiyo iliyoifanya LCD itumike kweli, kwanza kwenye saa na vikokotoo.

Tangu hapo LCD imezika wapinzani waliokuwa na picha nzuri kuliko yake. Plasma, kioo ambacho pikseli zake huwashwa kwa gesi, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1964, na hadi mwisho wake wapenzi wa filamu waliisifu kwa weusi wake na kwa jinsi ilivyoonyesha vitu vinavyokwenda kasi. Panasonic ilitangaza kuachana nayo mwaka 2013, na Samsung na LG zikafuata. Kisa cha SED kinauma zaidi. Canon na Toshiba walitaka kuchukua ubora wa runinga za chogo na kuuweka kwenye kioo bapa, kila pikseli ikiwa na chanzo chake kidogo cha elektroni. Waliobahatika kuona sampuli zake walivutiwa sana. Lakini wakati mradi ukichelewa kwa kesi za hataza na ugumu wa kuvitengeneza, LCD ilizidi kushuka bei kila mwaka, na mwaka 2010 Canon ikaacha mpango wa kuzileta majumbani.

Kila dola inayowekezwa kwenye viwanda vya LCD hurudi ikiwa kioo kikubwa zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Mpinzani hashindani na LCD ya leo tu, bali na LCD itakayokuwepo siku yeye atakapokuwa tayari.

Na bado haijaishiwa pumzi. Mwaka 2025 Hisense ilionyesha runinga ya inchi 116 ambayo taa zake za nyuma si nyeupe wala bluu, bali ni nyekundu, kijani na bluu zinazodhibitiwa kila moja peke yake. Samsung ilifuata na ya inchi 115, na Sony nayo ilionyesha mfumo wake wa namna hiyo. Faida yake ni rangi pana na mwangaza mkali, huku kichujio cha rangi kikipoteza nishati kidogo. Kasoro ya msingi inabaki: kanda moja ya taa huhudumia pikseli nyingi, hivyo kitu chenye mwanga mkali kilichozungukwa na giza bado kinaweza kuzungukwa na ukungu wa mwanga. Hata hivyo, hapa ndipo ninapoona runinga nyingi kubwa za miaka ijayo zikielekea.

OLED ina picha nzuri hivyo. Tatizo lake hasa ni nini?

Ni rangi ya bluu. Ukiielewa bluu, umeielewa nusu ya habari za vioo.

OLED inayofanya kazi kwa umeme mdogo ilitangazwa mwaka 1987 na Ching Tang na Steven Van Slyke wa Eastman Kodak. Ilichukua miaka 20 kufika kwenye runinga ya kwanza kuuzwa, Sony XEL-1 ya mwaka 2007, yenye inchi 11 tu. LG ilileta ya inchi 55 mwaka 2013. Muda wote huo nyekundu na kijani zilikuwa zikisonga mbele vizuri huku bluu ikizivuta nyuma.

Sababu iko kwenye fizikia yenyewe. Chembe ya mwanga wa bluu hubeba nishati kubwa kuliko ya nyekundu au kijani. Molekuli inayotoa mwanga huo lazima ibebe nishati hiyo kwanza, na nishati ya kiwango hicho inakaribia ile inayoweza kuvunja vifungo vya molekuli hiyohiyo. Kwa hiyo bluu huchakaa mapema. Isitoshe, kuna kizazi cha zamani cha vitoa-mwanga ambacho kinaweza kugeuza robo moja tu ya nishati ya umeme kuwa mwanga, na kizazi kipya ambacho kinadharia kinaweza kufikia asilimia 100. Nyekundu na kijani zilihamia kizazi kipya zamani. Bluu ya kizazi kipya ilikuwa ikifa haraka mno, hivyo viwanda viliendelea kutumia ile ya zamani inayopoteza umeme mwingi.

Njia ya kwanza ya kulizunguka tatizo hili ni kupanga matabaka ya OLED juu ya mengine, ili kila tabaka lifanye kazi kidogo na kudumu zaidi. Ndivyo ilivyofanyika kwenye iPad Pro ya mwaka 2024. Njia ya pili ni kulitatua lenyewe: mwaka 2025 LG Display ilitangaza kwamba imethibitisha kioo chenye bluu ya kizazi kipya kwa kiwango kinachofaa kuzalishwa kibiashara, ikichanganya tabaka la bluu mpya na tabaka la bluu ya zamani ili kulinda uhai wake. Hilo halikupata vichwa vya habari kama runinga zinazokunjwa, lakini kwangu lina uzito kuliko hizo zote. Likisambaa, simu na kompyuta mpakato zitakula umeme kidogo kwa mwangaza uleule.

Je, bado kuna hatari ya picha kuganda kwenye OLED?

Ipo, ingawa imepungua sana. Kinachotokea si picha kuganda, ni pikseli kuzeeka kwa viwango tofauti. Nembo ya kituo ikikaa kona moja kwa saa elfu kadhaa, pikseli za pale huchoka kuliko jirani zake na kivuli kikabaki.

Mtazamaji wa runinga anayebadilisha vipindi hana sababu kubwa ya kuogopa. Mtumiaji wa kompyuta ana sababu, kwa kuwa upau wa programu na mpaka wa madirisha hukaa palepale siku nzima. Kama kazi yako ni majedwali na hati kuanzia asubuhi hadi jioni, ficha upau huo, punguza mwangaza, ruhusu kioo kisawazishe pikseli zake kinapoomba, au chagua LCD nzuri tu. Hakuna aibu katika hilo.

Nukta za kwanta ni nini, na zinatupeleka wapi?

Ni chembe ndogo za semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi, kama silikoni) zenye upana wa nanomita chache, yaani sehemu chache za milioni za milimita. Kwa ukubwa huo, rangi ya mwanga zinaoutoa hutegemea ukubwa wa chembe: ndogo huelekea bluu, kubwa kidogo huelekea nyekundu, ingawa zimetengenezwa kwa kitu kilekile. Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksei Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023 kwa kuzigundua na kuzitengeneza.

Runinga za leo hazizitumii kwa uwezo wake wote. Zinapokea mwanga wa bluu kutoka kwenye taa za nyuma, au kutoka kwenye OLED kama ilivyo kwa vioo vya QD-OLED vilivyoingia sokoni mwaka 2022, na kuugeuza kuwa nyekundu na kijani safi. Kinachosubiriwa ni nukta zinazowashwa na umeme moja kwa moja, bila taa wala OLED. Kioo cha namna hiyo kingeweza kuchapishwa kama wino, kingekuwa chembamba, na kingekuwa na rangi za OLED au zaidi.

Kinachokwamisha? Bluu tena. Nukta za bluu zinazowashwa kwa umeme bado hazidumu vya kutosha. Pia nukta bora kuliko zote huwa na kadmiamu, madini yenye sumu ambayo sheria za Umoja wa Ulaya zinayabana kwenye vifaa vya umeme, hivyo watafiti wanalazimika kufikia ubora huo kwa kutumia fosfidi ya indiamu na vitu vingine. Nina imani na njia hii kwa muda mrefu. Lakini "kuchapishwa kama wino" ni rahisi kusema kuliko kutenda: JOLED ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 2015 kuchapisha OLED, iliomba ulinzi wa mufilisi Machi 2023.

MicroLED itafika lini kwenye runinga za kawaida?

Hebu tupige hesabu kwanza. Runinga ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, yaani karibu milioni 8.3. Kila pikseli inahitaji vijitaa vitatu, hivyo ni karibu milioni 24.9. Kila kijitaa hutengenezwa kwenye kisahani cha semikondakta, kisha huhamishwa na kubandikwa mahali pake kwenye kioo. Tuseme mashine yako inafanikiwa mara 9,999 katika kila 10,000, kiwango ambacho viwanda vingi vingejivunia. Utabaki na vijitaa 2,488 vilivyokufa kwenye runinga moja. Ongeza usahihi mara kumi, bado ni karibu 250. Mnunuzi hukasirikia kimoja tu.

Hapo hatujagusa rangi. Safari hii mkorofi si bluu. LED ya bluu ilitatuliwa na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, kazi iliyowapa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwenye microLED ni nyekundu inayosumbua: malighafi yake ya kawaida hupoteza ufanisi haraka kijitaa kinapofanywa kidogo mno, kwa kuwa kingo zilizokatwa zina kasoro zinazomeza umeme bila kutoa mwanga.

Sony ilionyesha sampuli ya inchi 55 mwaka 2012, na Samsung ikaonyesha ukuta wa inchi 146 mwaka 2018. Februari 2024 ams Osram ilitangaza kwamba mradi wake mkuu wa microLED umefutwa ghafla, pigo kwa kiwanda kilichokuwa kimejengwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2025 Garmin ilileta saa ya mkononi yenye microLED inayong'aa sana, lakini betri yake inakwisha mapema kuliko ya toleo la OLED la saa hiyohiyo, jambo linaloonyesha kwamba ufanisi ulioahidiwa bado haujafika.

Ubora wake ni wa kweli: mwangaza mkali, weusi kamili, hauchakai kirahisi. Nategemea kuiona kwenye kuta za kumbi, magari, saa na miwani kabla ya sebule. Yeyote anayekuambia usubiri microLED ndipo ununue runinga anakutakia miaka mingi bila runinga.

Je, nahitaji 8K?

Kwenye kochi, hapana. 8K ina pikseli mara nne ya zile za 4K. Jicho lenye afya hutofautisha vitu vilivyoachana kwa takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Runinga ya inchi 65 ina upana wa sentimita 144 hivi, na ikiwa ni 4K kila pikseli ina upana wa milimita 0.375. Ukikaa mbali zaidi ya mita 1.3, jicho haliwezi tena kuzitenganisha pikseli hizo. 8K inaanza kukufaa ukiwa karibu zaidi ya hapo, na wachache hukaa hivyo.

Vipindi navyo ni haba. NHK ya Japani ilianza kurusha 8K kwa satelaiti Desemba 2018, lakini ulimwengu haukuifuata kwa wingi. Kanuni za umeme za Umoja wa Ulaya zilizoanza Machi 2023 zimezibana runinga hizi, kwa sababu pikseli zikiwa ndogo huziba sehemu kubwa ya mwanga wa nyuma na taa hulazimika kuwaka zaidi. Pikseli za ziada zina maana kwenye skrini ya kompyuta unayoisogelea na kwenye miwani, si ukutani.

Hezi 240, 360, 500: ni ushindani wa namba au kuna tofauti ya kweli?

Kuna tofauti, na haiwahusu wachezaji wa gemu peke yao. Hezi hapa ni idadi ya mara ambazo skrini hubadilisha picha kwa sekunde. Runinga ya chogo ilimulika kila picha kwa kitambo kifupi sana. LCD na OLED huishikilia picha hadi ijayo ifike, na jicho linalofuata kitu kinachosogea huona kimevurugika kingo. Kitu kikisogea pikseli 960 kwa sekunde, kioo cha hezi 60 hukipaka kwenye upana wa pikseli 16. Kwa hezi 240 ni pikseli 4, na kwa hezi 480 ni 2. Hata maandishi unayoyapandisha na kuyashusha husomeka yakiwa yanatembea.

Sharti ni kwamba kompyuta iweze kutoa picha zote hizo kila sekunde, na waya uweze kuzibeba. 8K ya hezi 60 yenye rangi za biti 10 inahitaji karibu gigabiti 60 kwa sekunde bila kubanwa, wakati HDMI 2.1 mwisho wake ni 48. Toleo la 2.2, lililokamilishwa mwaka 2025, limefika 96.

Kwa anayesoma na kuandika kutwa, kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya hezi: mpangilio wa vijisehemu vya rangi ndani ya pikseli. Kwenye OLED nyingi za kompyuta vijisehemu hivyo havikupangwa kwa mistari mitatu ambayo programu endeshi huitegemea, na herufi huonekana na kingo zenye rangi. Vioo vya OLED vya inchi 27 vya 4K vilivyoingia mwaka 2025 vimepunguza kero hii kwa kuzibana pikseli.

Niti 4,000 au 5,000 zinazotangazwa ni za kweli?

Niti ni kipimo cha mwangaza, na namba hizo ni za kweli kwenye eneo dogo la kioo kwa muda mfupi. Skrini nzima ikiwa nyeupe, mwangaza hushuka sana, hasa kwenye OLED. Uliza ule wa skrini nzima kama chumba chako kina mwanga mwingi wa jua.

Vioo vinavyokunjwa, kuviringishwa, au kuona upande wa pili?

Vya kukunja vimepata makao kwenye simu tangu mwaka 2019. Runinga ya kuviringishwa ya LG iliuzwa kuanzia mwaka 2020 na haikupata wanunuzi wengi. Kioo kinachopitisha mwonekano wa nyuma kinafaa kwenye madirisha ya maduka na magari. Nyumbani hakina kazi kubwa, kwa sababu picha bila weusi nyuma yake hupauka.

Je, 3D itarudi?

LG na Sony, kampuni kubwa za mwisho kuitengeneza, ziliiacha mwaka 2017. Watu walichoka miwani na maumivu ya kichwa. Vioo vya 3D visivyohitaji miwani vinafanya kazi kwa mtu mmoja ambaye kamera inafuatilia macho yake, hivyo vinaelekea kwa madaktari, wasanifu majengo na wachezaji wa gemu. Familia ya watu watano sebuleni bado haina suluhisho.

Miwani itachukua nafasi ya runinga?

Apple Vision Pro ya mwaka 2024, miwani ya kuvaa usoni yenye skrini mbele ya kila jicho, ina pikseli milioni 23 kwa macho yote mawili, kwenye vioo vya OLED vilivyojengwa moja kwa moja juu ya silikoni. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini ili jicho lisione pikseli zinahitajika takriban 60 kwa kila digrii, na kwa uwanja wa digrii 100 hiyo ni 6,000 kwa upana kwa kila jicho. Bado hatujafika huko, na uzito usoni ni kikwazo kikubwa kuliko pikseli. Kwa kompyuta ya msafiri anayetaka skrini tatu ndani ya begi, miwani itafaa. Mechi ya mpira hutazamwa na wengi wakipiga kelele pamoja.

Mwanga wa bluu wa skrini unaharibu macho?

Chama cha madaktari wa macho cha Marekani, American Academy of Ophthalmology, kinasema hakuna ushahidi kwamba mwanga wa skrini unadhuru macho, na hakipendekezi miwani maalumu ya kuuzuia. Uchovu unatokana zaidi na kupepesa macho mara chache tunapokazia skrini. Usingizi ni suala jingine: mwanga mkali usiku unaweza kuuchelewesha. Kama unapata kichwa kuuma kwenye kioo fulani tu, chunguza jinsi kinavyofifishwa. Vioo vingi hupunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzima haraka sana, na baadhi ya watu huhisi hilo bila kuliona.

Skrini za karatasi ya kielektroniki zinaweza kutumika kwa kompyuta?

Zinaweza, na ninatamani zingepewa uzito zaidi. Wino wa kielektroniki, uliotokana na maabara ya MIT na kampuni ya E Ink iliyoanzishwa mwaka 1997, husogeza chembe nyeusi na nyeupe ndani ya vidonge vidogo. Picha ikishachorwa hubaki bila umeme, na jua kali huifanya isomeke vizuri zaidi. Udhaifu wake ni kuchelewa kuchora upya, mabaki ya picha iliyopita, na rangi zilizofifia. Kwa anayeandika au kusoma programu, hizo si kasoro za kumzuia. Kwa video, ni za kumzuia kabisa.

Ninunue sasa au nisubiri?

Kama kioo chako kinafanya kazi, subiri kiharibike. Kikiharibika, nunua kilichopo. Hakuna kitu kinachokuja ndani ya miaka miwili kitakachofanya OLED nzuri au Mini-LED nzuri ya leo ionekane takataka. Chumba chenye giza na filamu za usiku: OLED. Chumba chenye madirisha makubwa, au runinga inayowaka kwenye habari kutwa nzima: Mini-LED yenye kanda nyingi. Kompyuta ya gemu: OLED ya hezi 240 kwenda juu. Kompyuta ya kazi za maandishi: LCD ya 4K, na fedha inayobaki itie kwenye kiti. Kabla ya kulipa, soma dhamana na uone kama inataja kivuli cha picha kwa jina. Watengenezaji kadhaa wa skrini za OLED za kompyuta sasa hukifidia kwa miaka 3, wengine hawakigusi.